Maji yamepungua au watumiaji wameongezeka? Namna ya kupiga hesabu ya mto wenu wenyewe

Kiangazi kikishakolea huku kwetu bonde la Usangu, Mbeya, kuanzia Agosti hivi mpaka mvua za Novemba au Desemba, vikao vya maji vinakuwa vya moto kweli. Igurusi, Chimala, Rujewa, ukipanda mpaka Madibira, wimbo ni ule ule: mkulima anamnyooshea kidole mfugaji, mfugaji anamrudishia mwenye skimu ya umwagiliaji, wa chini wanasema wa juu wamefunga mto, wa juu wanasema wa chini wamefungua mashamba mapya bila kuuliza mtu, halafu anasimama mmoja msomi msomi anasema haya ni mabadiliko ya tabianchi, wote wanatikisa kichwa, kikao kinafungwa, soda zinanywewa, watu wanatawanyika. Mvua zimebadilika kweli, sibishi, ila hiyo sentensi haikwambii kesho upunguze banio lipi, yaani kile kizuizi kinachogeuza maji ya mto yaingie mferejini.

Sasa kuna namna ya kuhesabu hii kitu. Wachumi wanaitumia kwa nchi nzima wakitaka kujua kwa nini kilimo, viwanda, majumbani na wengine wanatumia maji mengi kuliko zamani, na ukiondoa maneno yao makubwa inabaki kujumlisha, kutoa na kuzidisha tu. Unahitaji daftari, simu yenye kalkuleta, futi ya fundi, na wazee wawili watatu wanaoujua mfereji tangu unachimbwa. Kama we ni katibu wa jumuiya ya watumia maji, au bwana shamba, au mwanafunzi uko fildi hujui uandike nini kwenye ripoti, twende.

Chagua mto, usichague mkoa

Maji hayajui mpaka wa mkuu wa mkoa. Mkoa wa Mbeya peke yake unagusa mabonde matatu, la Rufiji, la Ziwa Rukwa na la Ziwa Nyasa, kwa hiyo mvua ya Rungwe inayoshuka na mto Kiwira haina habari kabisa na jaruba la mpunga la Ubaruku kule Mbarali. Halafu kuna mtego wa takwimu ambao nimeona hata ripoti za watu wazima zinauingia: Njombe ilikuwa ndani ya Iringa mpaka 2012, Songwe ilikuwa ndani ya Mbeya mpaka 2016, so ukibeba idadi ya watu wa "Mbeya" ya sensa ya 2012 ukailinganisha na ya 2022 utaona eti watu wamepungua, wakati Jiji la Mbeya lenyewe limetoka watu 385,279 mpaka 541,603 kwa miaka hiyo hiyo kumi. Kwa hiyo chukua mto mmoja, uwe Mkoji, Kimani, Chimala, Mbarali au Ndembera, kuanzia unapotoka milimani mpaka unapoingia tambarare, ukae nao huo huo.

Kisha chagua miaka miwili ya kulinganisha, mmoja wa zamani ambao wazee bado wanaukumbuka na karatasi zake zipo ofisi ya skimu, mwingine wa sasa. Usichague mwaka wa mafuriko ukaulinganisha na mwaka wa ukame, hapo utakuwa unapima mvua, hupimi watu.

Andika watumiaji wote, halafu tenganisha anayechukua na anayemaliza

Hapa ndo penye shughuli, na ndo pale kikao kinapopotea. Kuna anayeyachukua maji akayatumia akayarudisha mtoni, na kuna ambaye akiyachukua ndo basi, yamepanda hewani. Ukiwajumlisha kwenye safu moja umeshaharibu.

Umeme kwa mfano. Bwawa la Mtera kwenye mto Ruaha Mkuu, ambako maji yetu ya Usangu yanaishia, lina mitambo ya megawati 80, maji yale yale yakishuka yanazungusha megawati 204 za Kidatu, na yakiendelea yanaingia Rufiji kwenye bwawa la Julius Nyerere lenye megawati 2,115. Ni maji yale yale yamefanya kazi mara tatu, sasa we ukiandika umeme "umetumia" kiasi kadhaa ukakijumlisha na cha mpunga unajidanganya, kinachopotea pale ni yanayopanda na jua juu ya bwawa tu, ingawa kwa Mtera iliyotandaa vile sio madogo. Umeme shida yake ni saa ya kuyapata, hauyamalizi.

Mpunga ni habari nyingine. Milimita moja ya maji juu ya ekari moja ni kama yuniti 4, zile zile za bili ya nyumbani, yuniti moja lita 1,000. Mpunga wa majaruba unataka milimita 1,000 na zaidi kwa msimu, maana yake ekari moja tu ni yuniti 4,000 kwenda juu, hata kabla hujahesabu yanayovuja njiani kwenye mfereji wa udongo. Sera ya Maji ya 2002 ilisema mtu wa kijijini apate angalau lita 25 kwa siku ndani ya mita 400. Kaya ya watu watano kwa kipimo hicho inatumia kama yuniti 45 kwa mwaka mzima, kwa hiyo ekari moja ya mpunga ni sawa na kaya kama 88. Sisemi watu waache kulima, wali tunaupenda wote, nasema tu mtu akisimama kwenye kikao akasema shida ni kina mama wanaochota na ndoo, muonyeshe hiyo hesabu akae chini.

Na ng'ombe je? Ng'ombe mmoja mpe lita 40 kwa siku. Ng'ombe 1,000 ni yuniti 40 kwa siku, ukigeuza kwa sekunde haifiki hata nusu lita. Mfereji mmoja wa kawaida unabeba lita mia na kitu kwa sekunde. Ng'ombe wana makosa yao, wanakanyaga chemchemi, wanabomoa kingo, hilo lina kikao chake, ila kuumaliza mto kwa kunywa? Mwaka 2006 na 2007 wafugaji na mifugo yao waliondolewa Ihefu, lile eneo oevu la Usangu, na mto Ruaha Mkuu kule Hifadhi ya Taifa ya Ruaha haukuacha kukatika kiangazi baada ya hapo. Angepiga mtu hesabu ya nusu lita kabla, maneno yangekuwa machache.

Wengine nipite haraka. Viwanda vya bia, soda, karatasi, wanachukua na kurudisha kiasi kikubwa kama maji machafu, kwa hiyo kwao angalia uchafu kuliko wingi. Kahawa ya Mbozi inakula maji wakati wa kumenya na kuosha tu, miezi michache, lakini miezi yenyewe ni ya kiangazi. Machimbo ya Chunya yana kuosha, na tope lake. Mjini Mbeya na Iringa bomba likifika uani matumizi yanapanda bila mtu kuambiwa, kwa sababu mtu anayebeba ndoo kichwani hamwagi hovyo, akishapata bomba na choo cha kuvuta mambo yanabadilika.

Ila kuna mtumiaji mmoja hana banio, hana mita, hana kibali na haji kikaoni: miti. Kule Mufindi na Njombe bei ya mbao na nguzo ilipopanda watu walipanda misindano na mikaratusi mpaka bondeni, mpaka kwenye vinyungu walikokuwa wanalima mboga na mahindi ya kiangazi. Mkaratusi ukiwa jirani na chemchemi unakunywa mwaka mzima. Sheria ya Mazingira ya 2004 inataka mita 60 kutoka kwenye chanzo, tembea na futi yako ukaone hizo 60 ziko wapi. Kwenye daftari miti iandike mstari wake, hata kama namba utakayoweka ni ekari tu bila lita.

Kupima mfereji bila mashine

Tafuta kipande cha mfereji kilichonyooka, pima mita 10, weka vijiti viwili. Pima upana wa maji, sio wa mfereji, halafu kina sehemu tatu, kushoto, kati na kulia, uchukue wastani. Chukua gunzi la mahindi (linaelea vizuri na upepo haulipeperushi kama jani), lirushe juu kidogo ya kijiti cha kwanza, anza kuhesabu muda kwa simu likipita cha kwanza, simamisha likipita cha pili. Rudia mara tatu nne maana gunzi lingine linakwama kwenye nyasi.

Tuseme upana mita 1, kina sentimita 40, gunzi limetumia sekunde 25. Mwendo ni mita 0.4 kwa sekunde, zidisha kwa 0.8 kwa sababu maji ya juu yanakimbia kuliko ya chini yanayosugua udongo, unapata 0.32. Mara upana mara kina, 0.128, yaani lita 128 kwa sekunde. Mara 86.4 unapata yuniti kama 11,000 kwa siku. Hao ni ng'ombe zaidi ya laki mbili na nusu wanaokunywa kutoka kwenye mfereji mmoja, kama bado kuna mtu anabishana.

Pima mabanio yote siku moja, asubuhi moja kama mnaweza, maana ukipima la juu Jumatatu na la chini Ijumaa zamu imeshabadilika na mtaitana waongo bure.

Maswali matatu

Sasa ndo kazi yenyewe. Matumizi yakibadilika kuna mambo matatu tu yanaweza kuwa yametokea: shughuli zimeongezeka, shughuli zimebadilika aina, au kila shughuli inatumia maji zaidi au pungufu kuliko zamani. Kila sababu utakayoisikia kikaoni inaingia kwenye mojawapo, na ya nne ni mvua na mto wenyewe ambayo unaiweka pembeni.

Nitumie skimu ya kubuni, namba nimeziweka rahisi. Zamani ekari 400, zote mpunga, kila ekari yuniti 6,000 pamoja na za kuvuja, jumla 2,400,000. Sasa ekari 700, kati ya hizo 500 mpunga na 200 vitunguu vya kiangazi, mpunga umeshuka mpaka yuniti 5,000 kwa ekari kwa sababu mfereji umesakafiwa na watu wamejifunza kilimo shadidi (mpunga wa kumwagilia kwa vipindi badala ya kutuamisha maji muda wote), vitunguu yuniti 2,500. Mpunga 2,500,000, vitunguu 500,000, jumla 3,000,000. Ongezeko 600,000. Nani kaleta?

Badilisha kitu kimoja kimoja. Kwanza ongeza ekari tu, zile 700 zingekuwa zote mpunga wa zamani wa 6,000 ingekuwa 4,200,000, kwa hiyo kupanuka kwa shamba peke yake kumeleta 1,800,000. Sasa weka vitunguu kwenye ekari zake 200, mpunga ubaki 6,000: inashuka mpaka 3,500,000, kwa hiyo kubadili zao kumeokoa 700,000. Mwisho shusha mpunga kwenda 5,000: umeokoa 500,000 nyingine, umefika 3,000,000. Kumbe ile 600,000 inayoonekana imeficha milioni moja na laki nane za mashamba mapya, na watu wamejitahidi wee wameokoa milioni moja na laki mbili, zote zimemezwa.

Angalizo la ufundi: ukianza na kitu kingine namba zinasogea. Anza na kushusha mpunga kwanza kwenye zile ekari 400 utaona kimeokoa 400,000 badala ya 500,000, halafu kupanuka kunaleta 1,500,000 na kubadili zao kunaokoa 500,000. Jumla ni ile ile 600,000. Hamjakosea, piga hesabu kwa kuanzia pande zote mbili uchukue katikati, mfano hiyo ya mpunga andika 450,000. Mkubwa atabaki mkubwa.

Jumla ya mwaka inadanganya

Hapa tukae kidogo, maana kwangu mi ndo moyo wa jambo lote. Ukiangalia ile skimu utasema vitunguu ni rafiki wa maji, nusu ya mpunga kwa ekari. Sawa. Ila mpunga unakunywa wakati wa masika, mto umejaa, hamna anayehesabu. Vitunguu vinakunywa Agosti mpaka Oktoba. Yuniti 500,000 kwa siku 100 ni 5,000 kwa siku, yaani lita 58 kwa sekunde, mchana na usiku. Kama mto wenu Oktoba unabeba lita 150, zaidi ya theluthi imekwenda kwa ekari 200 ambazo kwenye jumla ya mwaka zilionekana si kitu.

Na ndo hadithi ya Ruaha Mkuu ilivyo. Ule mto ulianza kukatika kabisa kiangazi ndani ya hifadhi mwaka 1993, na kwa muda mrefu watu waliangalia ekari za mpunga wa masika tu. Wataalamu walipokuja kupima Usangu mwishoni mwa miaka ya 1990 wakakuta shida kubwa iko kwenye maji ya kiangazi yanayoendelea kuingia mifereji wakati mto umeshakuwa mwembamba, mengine hata hayafiki shambani, yanazagaa tu. Zamani banio lilikuwa la miti, mawe na nyasi, linavuja, mafuriko yakija linabebwa, wa chini wanapata chao bila kuomba. Miradi ikajenga mabanio ya zege yenye geti, ikayaita bora, na kweli bora kwa aliye juu, kwa sababu sasa anaweza kuuchukua mto wote wa Oktoba asibakize hata tone.

Kwa hiyo daftari lako liwe na safu mbili, masika na kiangazi, kila hesabu uifanye mara mbili. Ukiwa mvivu fanya ya kiangazi tu. Na usisahau vitalu vya mpunga vya mapema, vile vya Oktoba, maana mpunga wa kwanza sokoni una bei nzuri na kila mtu anataka awe wa kwanza, kitalu chenyewe kidogo ila maji ya kulowesha ardhi iliyokauka miezi sita ni mengi kuliko unavyodhani.

Uliza mwaka, utaambiwa sababu

Umeshajua kilichoongezeka ni ekari. Kwa nini ziliongezeka? Usiulize hivyo kwa watu, utapewa hotuba. Uliza mwaka gani ziliongezeka, halafu uliza mwaka huo kulitokea nini. Utasikia: pawatila (trekta ndogo za kusukuma kwa mkono) zilikuja, mashine ya kukoboa na kupanga madaraja ilifungwa barabarani, matajiri wa Dar wakaanza kununua mchele kijijini, wa Tunduma wakaja na malori yao, bei ya gunia ikaruka, umeme ukafika, pampu za petroli zikashuka bei mtu akaweza kulima hata asipokuwa na zamu. Anayekula wali Kariakoo naye ni mtumiaji wa mto Mbarali ingawa hajawahi kuuona, na akiongezeka kipato anaongeza sahani. Hizo ndo zinasukuma kilimo. Mjini kinachosukuma ni watu, kipato na mabomba, na mabomba yenyewe yanavuja, kwa hiyo ukipata takwimu za mamlaka ya maji ulizia yaliyozalishwa na yaliyouzwa, tofauti yake usiwabebeshe wateja.

Bei ya maji nayo iangalie. Mwenye mita anajua akiacha bomba wazi bili itamnyoosha. Mwenye mfereji usio na kipimo halipi zaidi akichukua zaidi, sasa kwa nini afunge geti usiku?

Na kuna mtego wa kuokoa. Mkulima akifunga dripu (mipira ya kumwagilia kwa matone) au akifuata kilimo shadidi anapunguza maji kwa ekari, safi kabisa, halafu yaliyobaki anafungulia ekari nyingine, na yale yaliyokuwa yanachuruzika kutoka jaruba lake kurudi mtoni, ambayo jirani wa chini ndo alikuwa anaishi nayo, hayapo tena. Hesabu yako itaonyesha lita kwa ekari zimeshuka vizuri na mto umekauka zaidi. Kwa hiyo mradi wowote wa "kuokoa maji" ukija, swali la kwanza ni hili: lita zikiokolewa zinaandikwa kwa nani, na geti litapunguzwa kiasi gani?

Kuipeleka kwenye kikao

Usipeleke jedwali la Excel kwa wazee. Miaka ya 2000 mwanzoni hapa Usangu walitumia mchezo mzuri sana, ubao mrefu umeinamishwa kama mto, gololi ndo maji, vijiti ndo mabanio, kila mtu anaweka kijiti chake halafu gololi zinamwagwa kutoka juu. Wa juu anajaza mfereji wake, wa chini anabaki anaangalia, halafu mnabadilishana nafasi. Fundi seremala yeyote anautengeneza. Acheni wacheze kwanza, ndo usome namba zako, na uzisome hivi: kiangazi tulikuwa tunachukua lita kadhaa kwa sekunde, sasa kadhaa, ekari mpya zimeongeza hizi, zao jipya limeongeza au kupunguza hizi, ufundi umepunguza hizi.

Kikao chenyewe kifanyike Juni au Julai, kabla watu hawajanunua mbegu za vitunguu, maana ukisubiri Septemba mtu ameshakopa, hata umuonyeshe hesabu ya namna gani hafungi geti. Nakala moja ipeleke Bodi ya Maji ya Bonde, kwa Rufiji ofisi iko Iringa, uambatanishe na vibali vya kutumia maji mlivyonavyo, ili lita zilizoandikwa kwenye kibali zilinganishwe na zile za gunzi. Kama za gunzi ni nyingi kuliko za kibali, bora mzijue nyie kwanza kabla afisa hajaja na kipimo chake.